BARUA YA BWANA SHAMBA: Ghala Limejaa, Mtoto Amedumaa

Ndugu msomaji,

Mwezi huu sitasema habari za mbolea wala nafasi ya kupanda mahindi. Nitasema habari za mama mjamzito na mtoto mchanga. Labda utauliza, "Bwana shamba anatafuta nini katika mambo ya uzazi? Hayo si ya mkunga?" Swali lako ni la haki. Jibu ni hili: mkunga hupima mimba, lakini chakula cha mwenye mimba hutoka shambani. Na mambo ya shamba ndiyo kazi yangu.

Sikiliza hesabu hii. Mwaka 2022 ulifanyika uchunguzi wa afya nchi nzima. Watoto walipimwa urefu na uzito. Katika kila watoto 100 wa Tanzania wenye umri chini ya miaka 5, watoto 30 walikuwa wamedumaa. Maana yake, walikuwa wafupi kuliko inavyopasa kwa umri wao. Katika mkoa wa Iringa, waliodumaa walikuwa 57 katika kila watoto 100. Hakuna mkoa uliouzidi.

Sasa fikiri kidogo. Iringa si mkoa wa njaa. Watu wake hulima mahindi, maharage, viazi, nyanya na matunda. Kila mwaka malori hupakia chakula huko na kukipeleka mikoa mingine. Ghala limejaa, na mtoto wa mwenye ghala amedumaa. Imekuwaje?

KUDUMAA NI NINI?

Wengine husema, "Ukoo wetu ni wa watu wafupi." Sivyo. Ufupi wa ukoo ni jambo jingine. Mtoto hudumaa kwa sababu alikosa chakula cha kutosha na cha kufaa, au aliugua mara kwa mara, wakati mwili wake ulipokuwa ukijengwa. Si urefu tu unaopungua. Akili nayo hujengwa wakati huo huo. Mtoto aliyedumaa huugua upesi, na shuleni huenda akapata taabu kushika masomo.

Wakati huo wa kujengwa ni siku 1000. Tuhesabu pamoja. Mimba ni siku kama 270. Mwaka wa kwanza wa mtoto ni siku 365. Mwaka wa pili ni siku 365. Jumla ni siku 1000.

Wewe mkulima unalijua jambo hili. Mahindi yaliyokosa samadi yakiwa machanga, huwezi kuyaokoa kwa kuyamwagia mbolea yakiwa yamekwisha kubeba. Mtoto naye ni hivyo. Ukingoja mpaka aanze shule ndipo umlishe vizuri, utamsaidia, lakini sehemu kubwa ya jengo imekwisha simama.

KLINIKI MAPEMA

Mama akijua ana mimba, aende kliniki mara moja. Asingoje tumbo lionekane. Ni vizuri mahudhurio ya kwanza yawe kabla ya wiki 12. Zamani wajawazito walishauriwa kuhudhuria mara 4. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri mara 8. Mume afuatane na mkewe, hasa mara ya kwanza, ili wapimwe pamoja virusi vya UKIMWI na kaswende.

Kliniki mama hupata mambo haya:

1. Hupimwa damu, mkojo, uzito na shinikizo la damu.

2. Hupewa vidonge vya kuongeza damu. Ameze kimoja kila siku, hata kama anajiona mzima. Choo kikiwa cheusi asiogope. Ni kwa sababu ya dawa. Asimeze vidonge hivi kwa chai, maana chai huzuia dawa kufanya kazi vizuri. Ameze kwa maji, na akila chungwa itakuwa bora zaidi.

3. Hupewa dawa ya kumkinga na malaria. Huanza baada ya miezi mitatu ya kwanza. Pia alale ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku. Chandarua si cha kufugia vifaranga wala cha kuzungushia bustani. Nimeviona huko mara nyingi.

4. Hupewa dawa ya minyoo na chanjo ya pepopunda.

Ndugu mama, upungufu wa damu hauonekani kama kidonda. Huja polepole. Unachoka, moyo unakwenda mbio ukipanda mlima, kizunguzungu kinakushika. Siku ya kujifungua kila mama hutoka damu. Mwenye damu ya kutosha hustahimili. Mwenye damu haba anaweza kufa kwa damu ambayo mwenzake angeipoteza akapona.

SAHANI YA MAMA

Ugali peke yake haujengi mtoto tumboni. Hutia nguvu tu. Mama mjamzito anahitaji vyakula vya aina mbalimbali kila siku:

Vya kutia nguvu: ugali, viazi, ndizi, wali, na mafuta kidogo.

Vya kujenga mwili: maharage, kunde, njegere, karanga, mayai, maziwa, samaki, dagaa, nyama.

Vya kulinda mwili: mchicha, matembele, majani ya maboga, mnafu, papai, embe, chungwa, parachichi, na viazi lishe vyenye rangi ya njano ndani.

Chumvi iwe yenye madini joto. Soma pakiti unaponunua. Sasa unajua kusoma, basi elimu yako ianze kukulipa hapo dukani.

Mwenye mimba aongeze mlo mmoja mdogo kila siku juu ya milo yake ya kawaida. Akisha jifungua na kunyonyesha, aongeze hata miwili. Si lazima uwe mlo wa gharama. Kiazi kitamu na kikombe cha maziwa ni mlo. Uji wa karanga ni mlo.

Ziko mila zinazomnyima mama chakula. Huambiwa asile mayai, mtoto atazaliwa bila nywele. Huambiwa asishibe, mtoto atakuwa mkubwa na uzazi utakuwa mgumu. Wazee wetu tunawaheshimu, na mengi waliyotufundisha ni hazina. Lakini haya mawili si kweli. Yai halinyoi nywele za mtoto. Na mama mwenye njaa huzaa mtoto dhaifu, naye mwenyewe hukosa nguvu za kusukuma.

Pombe je? Wakati wa mvua ulanzi huwa mwingi Iringa, na watu husema ni kama maji tu. Ulanzi ni pombe. Kila anachokunywa mama humfikia mtoto tumboni. Mwenye mimba aache pombe na sigara kabisa. Na mtoto mdogo asionjeshwe ulanzi ili alale. Analewa, halali.

GUNIA LA MAMA

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya niandike barua hii. Katika mkutano wa kijiji kimoja nilisema kwamba kila nyumba iweke akiba ya maharage, isiuze yote. Mzee mmoja akasimama akasema, "Bwana shamba, maharage ndiyo sare za shule, na maharage ndiyo mabati ya nyumba. Tukiyala, tutauza nini?"

Mama mmoja akaomba kusema. Akasema, "Shikamoo mzee. Maharage hayo nilipanda mimi. Nikapalilia mimi. Nikavuna nikiwa na mimba ya miezi saba. Yakiwa shambani ni yetu. Gari likija kupakia, naambiwa si yangu."

Watu wakacheka. Kisha wakanyamaza kimya.

Ndugu baba, hebu tupige hesabu, maana hesabu haina ugomvi. Tuseme nyumba yako inapika robo kilo ya maharage kila siku. Kwa siku 4 ni kilo 1. Kwa mwaka mzima wa siku 365 ni kilo 91. Hilo ni kama gunia moja tu la kilo 100. Kama nyumba ni kubwa, mkapika nusu kilo kwa siku, ni magunia mawili kasoro kidogo.

Basi siku ya mavuno, kabla mnunuzi hajafika, tenga gunia hilo. Lishone. Liandike kwa mkaa: GUNIA LA MAMA. Lisiuzwe, lisiazimwe, lisipelekwe kilabuni. Mabati yatasubiri msimu mwingine. Mtoto aliye tumboni hasubiri msimu mwingine.

Mambo mengine mawili ya shamba yanasaidia. La kwanza ni bustani ya mboga karibu na jiko. Ukikosa nafasi au maji, jaza kiroba udongo uliochanganywa na samadi, kitoboe matundu pembeni, panda miche ya mboga katika matundu na juu. Maji ya kuoshea mboga yatatosha kukimwagilia. La pili ni kuku. Kuku wengi hufa kwa kideri. Chanjo yake ni tone moja katika jicho la kuku, kila baada ya miezi mitatu. Uliza kwa mtaalamu wa mifugo. Kuku wakipona, mayai yapo. Yakiwepo, mengine yauzwe, mengine yaliwe. Yasiuzwe yote ili kununua soda.

MZIGO WA MAMA

Msimu wa kilimo haungoji mtu, nami najua. Lakini mama mwenye mimba akibeba kuni, akachota maji bondeni, akapalilia tangu asubuhi hadi jioni, chakula chote alichokula huishia kwenye jembe. Mtoto hubakiziwa makombo. Katika miezi mitatu ya mwisho apunguziwe mizigo mizito, na apate muda wa kupumzika mchana. Baba akichota maji kwa baiskeli, hakuna kilichopungua katika uanaume wake.

Wakulima wa nyanya na viazi, hili ni lenu. Mwenye mimba na anayenyonyesha asipulizie dawa za wadudu. Asichanganye dawa, wala asifue nguo zilizotumika kupulizia. Kopo la dawa lisiwe la kuchotea maji ya kunywa, hata likisafishwa mara kumi.

DALILI ZA HATARI

Zisome, kisha msomee jirani asiyejua kusoma. Mwenye mimba akiona moja ya dalili hizi, aende zahanati au hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku:

– kutokwa na damu
– kuumwa sana kichwa au kuona maruweruwe
– kuvimba uso na mikono
– kupatwa na degedege
– homa kali
– maumivu makali ya tumbo, au kupumua kwa shida
– maji ya uzazi kutoka kabla ya uchungu
– mtoto kuacha kucheza tumboni

Msingoje kikao cha ukoo. Mapema, wakati wa mimba, wekeni fedha kidogo ya safari na mjue ni nani mwenye pikipiki au gari. Pia mjue ni nani atabaki na watoto.

MAZIWA YA KWANZA

Mtoto akizaliwa, awekwe titini katika saa ya kwanza. Maziwa ya mwanzo ni mazito na ya njano. Huitwa dang'a. Wengine huyakamua na kuyamwaga, wakidhani ni machafu. Ndugu msomaji, wewe mfugaji unajua kwamba ndama asiyenyonya maziwa ya kwanza ya mama yake hudhoofika na kufa. Unahangaika usiku ili ndama ayapate. Basi na mtoto wako ayapate. Dang'a ni kinga yake ya kwanza dhidi ya magonjwa.

Kwa miezi 6 ya kwanza mtoto apate maziwa ya mama tu. Asipewe maji, uji, chai, maziwa ya ng'ombe wala dawa ya mitishamba. Dawa za hospitali apewe akiandikiwa. Hata wakati wa joto asipewe maji, maana sehemu kubwa ya maziwa ya mama ni maji. Maji ya kisima yanaweza kumletea mtoto kuhara, na kuhara huua upesi.

Mama husema, "Maziwa yangu hayatoshi." Mara nyingi yanatosha. Mtoto anayekojoa mara 6 au zaidi kwa siku na kuongezeka uzito anapata maziwa ya kutosha. Maziwa huongezeka kwa kunyonywa. Kadiri mtoto anavyonyonya mara nyingi, usiku na mchana, ndivyo yanavyotoka. Ukimpa uji, atanyonya kidogo, na maziwa yatapungua kweli. Mweke vizuri pia: afungue kinywa wazi, ashike na sehemu nyeusi ya titi, si chuchu peke yake.

Ukienda shamba, nenda naye. Ikishindikana, kamua maziwa katika kikombe safi chenye kifuniko. Yakiwa mahali pa ubaridi yanafaa kwa muda wa saa 4. Anywe kwa kikombe, si kwa chupa ya chuchu, maana chupa ni ngumu kusafisha.

Mama mwenye virusi vya UKIMWI naye anyonyeshe, huku akitumia dawa zake kila siku bila kukosa na kufuata maelekezo ya kliniki.

Mtoto mchanga akikataa kunyonya, akiwa na homa au akiwa wa baridi, akipumua kwa shida, akipata degedege, kitovu kikitoa usaha, au mwili ukiwa wa manjano, mpelekeni zahanati upesi.

BAADA YA MIEZI 6

Mtoto akitimiza miezi 6, maziwa peke yake hayatoshi tena. Aanze chakula cha nyongeza, naye aendelee kunyonya hadi miaka miwili au zaidi. Hapa ndipo watoto wengi wanapodumaa. Hupewa uji wa mahindi matupu, mwepesi kama maji. Tumbo hujaa, mwili hubaki na njaa.

Uji uwe mzito, usidondoke upesi kutoka kwenye kijiko. Utie karanga zilizosagwa, au maziwa, au yai lililopikwa na kupondwa. Mpe pia maharage yaliyopondwa na kutolewa maganda, mboga za majani zilizopondwa, parachichi na papai. Anza kwa vijiko viwili au vitatu, uongeze polepole.

Tumbo la mtoto ni dogo. Hawezi kungoja ugali wa mchana na wa usiku kama mtu mzima. Mtoto wa miezi 6 hadi 8 ale mara 2 au 3 kwa siku. Kuanzia miezi 9 ale mara 3 au 4. Katikati apewe tunda au kitu kidogo. Awe na sahani yake mwenyewe, ili kaka zake wasimpite kwa kasi.

Uji mzito ukimshinda kumeza, tumia kimea. Akina mama wanaopika pombe wanakijua. Loweka ulezi usiku mmoja, ufunike kwa kitambaa chenye maji mpaka uchipue, uanike, pukusa michipuko, kisha usage. Kijiko kimoja cha unga huo ukikitia katika uji mzito uliopoa kidogo, uji hulainika. Urudishe motoni uchemke tena kidogo. Chakula ni kile kile, lakini mtoto anaweza kukimeza.

JIHADHARI NA SUMUKUVU

Mahindi na karanga zikivunwa na kuwekwa zikiwa na unyevu, huota ukungu. Ukungu huo huweza kutoa sumu iitwayo sumukuvu. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Kupika hakuiondoi.

Anika juu ya turubai, si juu ya udongo. Kupima kama mahindi yamekauka, chukua chupa kavu ya kioo. Tia punje za mahindi na chumvi kavu kidogo, utikise. Chumvi ikiganda kwenye chupa, mahindi bado yana unyevu. Chagua karanga zilizooza, zilizosinyaa na zenye ukungu, uzitupe. Zisiwe za kumpondea mtoto.

IRINGA WALIWAHI KUWEZA

Usikate tamaa, ndugu msomaji. Mwaka 1983 Iringa ilianza mpango wa lishe katika vijiji 168, kwa msaada wa UNICEF na Shirika la Afya Duniani. Watoto walipimwa uzito kijijini, mbele ya wazazi na viongozi wao. Aliyekuwa dhaifu alijulikana. Wanakijiji waliulizana kwa nini, wakatafuta dawa yake wenyewe: kumlisha mtoto mara nyingi zaidi, kumpunguzia mama kazi, kuwaangalia watoto kwa zamu wakati wa kilimo. Utapiamlo mkali ukapungua. Waliofanya hivyo walikuwa wanakijiji kama wewe, wenye mizani, kadi na mkutano.

Siku hizi vijiji vingi vina Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, kila baada ya miezi mitatu. Baba, usimwachie mama peke yake. Mpeleke mtoto, soma kadi yake, uone kama mstari unapanda. Unajua uzito wa kila gunia uliloliuza mwaka huu. Je, unajua uzito wa mwanao?

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika kijiji chetu, mwenye mimba hukatazwa vyakula gani? Je, kuna sababu ya kweli?

2. Nyumba yangu inapika maharage kiasi gani kwa siku? Kwa mwaka ni kilo ngapi?

3. Usiku mama akitokwa na damu, ni nani mwenye chombo cha kumpeleka hospitali?

4. Gunia la Mama litawekwa lini, na ni nani atalilinda?

Mavuno mema, na uzazi mwema.

Ni mimi,
Bwana Shamba wenu